Mkono wa Kuomba Sukari

Dakika hamsini na mbili, basi.
Boti kumi na nne zinachomoka gatini Amble
kama zimeitwa na mtu mwenye hasira,
zinakizunguka kisiwa cha mnara wa taa,
zinamezwa na upeo, na umati ulioegemea ukuta
unabaki kutazama maji yakirudi kuwa maji,
unakula chipsi, unauliza: zimefika wapi?
Mimi ndiye niliyeshika redio
na mimi pia sijui.

Dakika hamsini na mbili.
Mwaka uliobaki ni karatasi.

Februari, ukumbi wa nyuma ya kanisa,
hita moja inanuka vumbi lililoungua,
viti arobaini, watu kumi na wawili,
na Maureen Stobbs anasoma barua ya bima
kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba:
mwaka juzi elfu nne, mwaka jana elfu sita,
safari hii pauni elfu tisa na mia tatu.
Hapo hujamlipa mzamiaji,
hujalipia gari la wagonjwa litakaloshinda bila mgonjwa,
wala kreni ya kushusha boti majini,
ambayo mwenyewe kasema: "Ninyi nawapenda,
ila dizeli hainipendi mimi."

Wilf akauliza habari za wale wakausha samaki,
waliokuwa wakitoa kombe na bahasha.
Wamefunga, Wilf. Jengo sasa ni nyumba za wikendi,
na wa wikendi wametuandikia: injini zinapiga kelele
chini ya madirisha waliyoyanunua
ili waione bahari.

Dada wa sili naye alisimama,
akasema taratibu kwamba Juni kuna watoto mawimbini.
Hakuna aliyemnunia. Keki tuliyokuwa tunakula
alioka yeye.

Nikaukumbuka mwaka wa ukungu.
Kila kitu kimelipwa, kila mtu kafika,
madereva wametoka Southampton wamelala ndani ya magari
kwa kuwa hoteli ilishauzwa,
na asubuhi hatukuiona hata ncha ya gati.
Tulikaa saa saba na majaketi ya rangi ya chungwa
tukilisikiliza honi la ukungu.
Sandwichi mia sita. Nilikula mayai na saladi
mpaka Alhamisi.

Alikuwepo Norman Thew wakati huo.
Miaka kumi na tisa katibu, tukadhani ni katibu.
Alipofariki ndipo tukagundua kwamba ndiye
aliyekuwa akipaka rangi maboya,
akiwapigia simu walinzi wa pwani,
akitoa mfukoni mwake zilizopelea, asiseme.
Tulizika mtu mmoja,
tukapungukiwa watano.

"Wanaotaka mashindano yaendelee?"
Mikono kumi na miwili, hata wa dada wa sili.
"Na atakayekuwa katibu?"
Hita ikasikika.
Kila mtu akakumbuka kuwa ana viatu,
akavitazama kwa mapenzi makubwa.

Chai yangu ilikuwa chungu.
Nikainua mkono kuomba sukari.

Maureen akaandika jina langu haraka, kwa wino,
makofi yakalia, Wilf akanikumbatia mpaka miwani ikapinda.
Kwetu Korogwe mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
hawa walikuwa na subira, wamengoja miaka minane.
Nikasema, "Na sukari?"
"Imekwisha," wakasema. "Tunabana matumizi."

Nimerudi nyumbani upepo ukinisukuma kifuani,
kisanduku kwapani: bendera tatu, moja imeliwa na nondo,
funguo zisizojulikana zinafungua nini,
saa ya Norman ya kupimia mbio,
na daftari lenye mwandiko wake mdogo,
kila ukurasa una deni na jina la mtu,
na kando ya majina mengine ameandika tu: *mwema,
mpigie jioni, akishakula.*

Jina la mwenye kreni lipo.
Kesho, saa moja usiku, nitampigia.
Nimwulize hiyo dizeli
inapenda nini.